Fundi Ida na Mashine ya Parachichi

Barua ya ajira ya Ida Luvanda ilimtaja kuwa mhudumu wa karakana. Kazi zake, kwa mujibu wa barua hiyo, zilikuwa kufagia, kutunza funguo na kuhakikisha vifaa vinarudishwa mahali pake. Haikusema kwamba ndiye atakayewafundisha wanafunzi kuchomelea bila kuunguza macho, wala kwamba wahadhiri wenye shahada tatu tatu watamwita pembeni na kumnong'oneza, "Mama Ida, hebu niangalizie hii mota, inanguruma tu haizunguki." Kwa miaka tisa alifanya hayo yote, na kila mwaka kwenye fomu ya tathmini mkuu wake aliandika kwamba mazingira ya karakana ni safi.

Alizaliwa Mdandu, katika familia ya Kilutheri ya wakulima wa viazi na mahindi. Baba yake alikuwa seremala aliyetengeneza nusu ya mabenchi ya usharika wao, na alitaka binti yake awe mwalimu. Ida akaenda kusoma uchomeleaji kwenye shule ya ufundi ya kanisa, darasa la vijana thelathini lenye wasichana wawili, na yule mwenzake aliolewa kabla ya mwaka kwisha.

Alipomaliza alikwenda Makambako, kwenye yadi ya Mzee Mustapha, msafirishaji aliyehamia pale kutoka Kondoa akiwa kijana na lori moja bovu. Mustapha hakuuliza cheti. Alimpa bodi la nyuma la lori lililokuwa limeachia, akaenda kuswali, na aliporudi alipanda juu ya bodi lile akaruka-ruka kwa uzito wake wote, kanzu ameishika kwa mkono mmoja. Bodi halikutoa hata mlio.

"Kesho uje saa moja," alisema, na Ida alikaa pale miaka kumi na miwili.

Kilichomtoa ni ugonjwa wa mama yake. Sukari ilimpanda, miguu ikaanza vidonda, na hospitali zikataka bima. Wakati huohuo chuo kikuu kimoja chenye makao yake mbali kilikuwa kimefungua tawi Njombe, na tawi likapewa jina la Ndaki ya Biashara na Teknolojia, ingawa watu wa mjini waliita Ndaki tu. Walitafuta mhudumu. Ajira ilikuwa na bima ya afya kwa mtumishi na wazazi wake. Ida alisaini bila kusoma neno la kwanza juu ya ufagio.

Ndaki ilikuwa na jengo la ghorofa mbili, karakana, na ubao wa matangazo karibu na geti. Ubao ndio uliofanya kazi kuliko vyote. Kila Jumatatu asubuhi karatasi mpya ilibandikwa, na picha yake kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la watumishi. Juu iliandikwa HABARI NA MAFANIKIO. Ida aliisoma akiwa amesimama, funguo mkononi, na mara nyingi alimaliza kwa kupumua kwa pua.

Ndaki yapokea ugeni mzito. Hao walikuwa wahadhiri wanne wa chuo jirani, walikunywa chai, wakauliza choo kiko wapi, wakaondoka. Ndaki yasaini hati ya makubaliano. Hiyo ilikuwa ya saba, na sita zilizotangulia zililala kwenye kabati moja na mapambo ya Krismasi. Ndaki yapanda miti mia mbili. Hii ilimshinda kabisa. Njombe, ambako mipaini huota mpaka mlangoni kwa watu bila kuombwa, wasomi watano walivaa fulana za aina moja wakapokezana jembe mpaka mpiga picha akaridhika. Ng'ombe wa jirani waliyamaliza mafanikio hayo ndani ya wiki mbili.

Aliyeandika habari hizo alikuwa Jasmine, afisa uhusiano, binti mwenye Kiswahili kizuri na viatu visivyofaa kwa matope ya Njombe. Siku moja Ida alimuuliza kama haoni aibu.

"Naona, mama," Jasmine alijibu. "Lakini nina fomu. Makao makuu wanataka mafanikio manne kila mwezi. Yakipungua, naandikiwa barua."

"Na mwezi usipokuwa na hata moja?"

"Hakuna mwezi wa namna hiyo. Nawatafutia."

Mwaka uliopita, Ndaki ikaamua kubuni mashine. Aliyepewa jukumu ni Dokta Remmy, mhadhiri wa ubunifu na ujasiriamali, ambaye hakuwahi kubuni kitu wala kujasiria chochote, ila alikuwa na suti ya rangi ya samawati na sauti ya kwenye redio. Mashine ingechambua maparachichi kwa ukubwa, makubwa huku, ya kati hapa, madogo kule, maana Njombe nzima sasa ilikuwa imepanda parachichi na kila mwanasiasa aliyepita alilitaja.

Remmy alileta mchoro uliochapishwa kwa rangi. Ida aliutazama, akaugeuza, akautazama tena.

"Dokta, hii si ya viazi?"

"Tunda ni tunda, Mama Ida."

"Parachichi la kusafirisha linavunwa gumu kama jiwe. Ukiliangusha leo halisemi kitu, linasema likianza kuiva. Hapa umeweka rola za chuma, na hapa linaanguka karibu futi nzima. Tuweke mteremko, tufunike na sponji."

Remmy alicheka kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza mvua inatoka wapi. "Sponji haitaonekana vizuri kwenye picha. Wewe chomelea tu, hayo ya kisayansi tuachie."

Akachomelea. Hilo baadaye lilimkera kuliko maneno ya Remmy. Alijua, na bado mikono yake iliunga kila kiungo, ikasawazisha kila rola, ikapaka rangi ya bluu na kubandika nembo ya Ndaki kwa unadhifu ule ule aliokuwa akibandikia namba kwenye malori ya Mustapha. Mashine ilitoka nzuri sana. Wapumbavu wale, alijiambia, wasingeweza kupata mashine nzuri hivyo kama si mpumbavu mwenzao wa kuwatengenezea.

Waliipeleka Mbeya kwenye maonesho ya ubunifu ya vyuo. Maparachichi yalichelewa kufika, kwa hiyo waliipitishia machungwa na ndimu. Machungwa yakaenda huku, ndimu zikaenda kule. Majaji walipiga makofi na kuwapa nafasi ya pili na kombe la kioo. Ida, aliyekuwa nyuma ya mashine akishika swichi, alifikiri kwamba kama mtoto wa miaka mitatu angeshindwa kutenganisha chungwa na ndimu, angempeleka hospitali.

Jumatatu iliyofuata ubao ulisema: NDAKI YANG'ARA. Mashine iliyobuniwa na Dokta Remmy tayari inawanufaisha wakulima mia nne wa Mdandu. Kulikuwa na pilau ya kusherehekea, na Ida aliila, sahani mbili.

Jioni kaka yake mkubwa, Yohanes, alipiga simu kutoka nyumbani.

"Kamwene, Ida."

"Kamwene, kaka. Mko salama?"

"Salama. Nimesoma kwenye simu kwamba tumenufaika. Nauliza tu, maana hapa wenye miti ya parachichi hatufiki sitini, na kati yetu hakuna aliyeiona hiyo mashine. Labda inapita tukiwa shambani."

Asubuhi Ida alimfuata Jasmine ofisini na kumuuliza hao mia nne amewatoa wapi.

"Dokta alisema wanaweza kunufaika," Jasmine alisema bila kuinua macho. "Niliandika hivyo hivyo, wanaweza. Profesa akalikata. Alisema neno hilo linadhoofisha sentensi."

Profesa huyo alikuwa Elius, Rasi wa Ndaki, yaani mkuu wa chuo pale, mtu mrefu aliyevaa koti zito miezi yote kumi na miwili na kuzungumza kana kwamba kila sentensi yake inachongwa kwenye jiwe la msingi. Kwake tatizo la dunia lilikuwa sentensi dhaifu.

Habari ile ilitembea mpaka Makambako. Mzee Mustapha alikuwa ameingia kwenye parachichi miaka minne kabla, anakusanya kwa wakulima, anachambua, anapeleka kwa wanunuzi wenye makontena ya baridi. Wanawake aliowaajiri walichambua kwa mkono, na lori lilisubiri nusu siku nzima. Alimpigia Ida.

"Fundi, hiyo mashine ni yako?"

"Kuchomelea nimechomelea mimi, mzee."

"Sijauliza hilo."

Ndaki ilikuwa na bima ya Ida, na Mustapha alikuwa na miaka yake kumi na miwili. Ila mama yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, baba akiwa ametangulia zamani, na bima ile sasa ilimtibia yeye tu, ambaye hakuwa anaumwa.

"Usiilishe tunda zuri, mzee," Ida alisema.

"Basi nitaleta la kutosha kuona kwa macho yangu."

Alileta kreti ishirini, mwezi wa sita, asubuhi ambayo umande ulikuwa umeganda weupe juu ya nyasi. Alikuja na Safina, msimamizi wa wanawake wa kuchambua, mwenye mikono iliyoweza kutaja uzito wa parachichi kabla macho hayajalifikia. Profesa Elius alitoa hotuba ya robo saa. Remmy alieleza rola kana kwamba amezizaa. Kisha Ida akawasha.

Mashine ilikwenda vizuri mno. Maparachichi yalipita, yakagonga chuma, yakadondoka kila moja kwenye sanduku lake, yametulia, ya kijani, yanang'aa. Mustapha aliokota moja akaligeuza mwangani.

"Halina alama," alisema.

"Halina," Remmy alisema. "Asilimia mia moja."

Ida aliomba kitu kimoja, kwamba kreti moja iliyopita kwenye mashine na nyingine iliyochambuliwa kwa mikono ya Safina ziwekwe kando, azitunze yeye. "Kwa kulinganisha," alieleza. Remmy aliguna, lakini Profesa alilipenda neno hilo na kumwambia Jasmine aliandike. Wakati wanawapeleka wageni kunywa chai, Ida alimvuta Mustapha mkono wa koti.

"Yaliyopita humo usiyapakie kwenda kwa mnunuzi. Nipe siku tisa."

Mustapha hakuuliza kwa nini. Yaliyopita kwenye mashine aliyapeleka kwa wakamuaji wa mafuta, ambao hawajali sura ya tunda, na Jumatatu ubao ukatangaza: MAJARIBIO YAFANIKIWA KWA ASILIMIA MIA MOJA, WAFANYABIASHARA WAIPIGIA MAGOTI TEKNOLOJIA YA NDAKI. Mustapha hakumpigia magoti mtu yeyote, na magoti yenyewe yalikuwa yanamsumbua.

Kreti mbili zilikaa jikoni kwa Ida, karibu na jiko, kwa sababu baridi ya Njombe mwezi wa sita ingeyaweka magumu mpaka wa saba. Alifunga kitambaa chekundu kwenye ya mashine na cheupe kwenye ya Safina. Kila alipotoka kazini aliyabonyeza karibu na kikonyo, moja baada ya jingine. Siku ya sita yale ya kitambaa chekundu yalianza kulegea mahali pasipotakiwa, ubavuni, kama shavu la mtu aliyeng'olewa jino.

Siku ya tisa kulikuwa na kikao cha kamati ya utafiti, na Mustapha alialikwa kusaini hati ya makubaliano, ya nane. Ida hakualikwa. Alikodi bajaji, akapakia kreti, akapanda nazo ghorofani moja moja, akaingia na sinia, kisu na kitambaa cha kufutia.

"Mama Ida, tuko kwenye kikao," Profesa Elius alisema.

"Sitakaa sana, Profesa."

Alichukua parachichi kutoka kreti ya kitambaa chekundu, akalikata, akalifungua. Ndani kulikuwa na mabaka meusi, marefu, yametanda kutoka ubavuni hadi kwenye kokwa. Akakata la pili. La tatu. La nne lilikuwa jeusi nusu nzima. Akayapanga kwenye sinia mbele ya kombe la kioo, ambalo siku hizo liliwekwa katikati ya meza kwenye kila kikao.

Remmy ndiye aliyepata sauti kwanza. "Hapa tuwe makini kitaalamu. Haya yalihifadhiwa wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Basi tatizo ni uhifadhi. Jiko la mtu si maabara."

Ida alivuta kreti ya kitambaa cheupe. "Na haya yalikuwa jikoni humo humo, yamegusana na yale." Akakata. Nyama yake ilikuwa ya njano nyororo ukingoni ikiingia kijani, safi kuanzia ganda hadi kokwa. Akakata matano, na yote yakawa hivyo.

Mustapha alivuta nusu moja, akaomba kijiko. Alipewa kijiko cha sukari. Alilila lile parachichi taratibu mpaka likabaki ganda, huku kamati nzima ikimtazama, kisha akafuta vidole, akarudisha kalamu aliyopewa ya kusainia.

"Mimi nitasaini siku lori langu likifika na tunda la namna hii," alisema. "Asanteni kwa chai." Akaondoka.

Profesa Elius alisubiri mpaka hatua zake zilipoisha kwenye ngazi. Halafu akamgeukia Ida. "Mama Ida, utaratibu wa kuleta vyakula kikaoni unaufahamu?"

Hilo ndilo alilokuwa nalo la kusema. Ida alimtazama mtu huyo mrefu ndani ya koti lake na kugundua kwamba kwa miaka tisa alikuwa akimdharau kwa makosa madogo madogo, wakati kosa lenyewe lilikuwa kubwa na rahisi: mtu huyu alikuwa ameona yale mabaka meusi kama alivyoyaona yeye, na hayakumhusu. Alikusanya kisu chake na sinia, ila maganda akawaachia.

Jumatatu alifika getini mapema kuliko kawaida. Ubao ulisema: WATAFITI WA NDAKI WABUNI MBINU RAHISI YA KUGUNDUA MICHUBUKO YA NDANI YA PARACHICHI. Chini yake kulikuwa na picha ya Dokta Remmy akiwa na suti ya samawati, ameshika parachichi lililokatwa, akilitazama kwa huzuni ya kitaalamu. Ida alicheka kwa sauti, peke yake, hadi mlinzi akatoka kibandani kuangalia kama ni mzima.

Saa nne aliletewa barua ya onyo kwa kuingia kikaoni bila mwaliko. Saa tano alikuwa amejibu kwa mistari mitatu kwamba anaacha kazi, na miwili kati ya hiyo ilikuwa tarehe na anwani. Jasmine alimfuata karakanani akiwa amebeba viatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Mama, niliweka jina lako kwenye ile habari. Walilikata."

"Vizuri. Lingebaki, ningekuja kulifuta mwenyewe."

"Umenikasirikia?"

Ida alifikiri. "Wewe unajua unachoandika ni uongo. Wao hawajui tena. Sijui nani kati yenu ana nafuu. Vaa viatu, utapigwa na baridi."

Mwezi huo huo alirudi Makambako. Mustapha alimpa kona ya ghala na wiki tatu. Ida hakutaka mota. Alitaka mbao, bomba za chuma, na turubai, na kwa siku mbili za kwanza hakufanya lolote zaidi ya kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kuitazama mikono ya Safina na wenzake, jinsi wasivyoliangusha tunda bali hulisindikiza.

Alitengeneza meza ya mteremko, turubai limetandazwa juu yake, na matundu ya saizi tatu, madogo juu, makubwa chini. Parachichi liliviringika lenyewe likazama kwenye tundu lililolitosha, likapokelewa na mfuko wa turubai. Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Maparachichi yaliruka matundu yake na kusongamana chini, na wanawake walimcheka mpaka wakakaa chini.

"Fundi, hii ni ya chuo pia?" Safina aliuliza.

Ida alicheka nao, akalivua turubai, akalishona upya. Mara ya nne lilikubali. Mzigo wa kwanza ulichambuliwa kwa saa mbili badala ya nusu siku, na mnunuzi alipokata sampuli baada ya siku kumi hakurudisha kreti hata moja. Kaka yake Yohanes alileta maparachichi yake mwenyewe kutoka Mdandu, akasimama karibu na meza muda mrefu mikono nyuma. Alisema sasa wakitaka kuandika kwamba amenufaika, waandike, ila waandike yeye mmoja.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Dokta Remmy alifika ghalani na Jasmine, mpiga picha, na bango lililoandikwa Ndaki na Jamii. Mustapha alikuwa amesafiri. Remmy alimsalimia Ida kwa furaha nyingi, kana kwamba waliachana vizuri, akaomba kuangalia kile alichokiita muundo.

"Angalia, dokta," Ida alisema. "Ila usisimame hapo, lori linarudi nyuma."

Remmy alitoa futi ya chuma, akapima urefu, akapima upana, akapima kila tundu na kumtajia Jasmine namba aziandike. Alihesabu miguu ya meza. Alipiga picha chini ya meza, amepiga magoti kwenye vumbi na suti yake. Alifanya kazi saa nzima bila kupumzika, na Ida hakuwahi kumwona akijituma hivyo. Walipomaliza walikunja bango, wakaaga, wakapanda gari.

Safina alisogea karibu na Ida. Yeye alijua kwamba siri yote ilikuwa kwenye turubai lenyewe, jinsi lilivyolegezwa katikati ili lisindikize tunda badala ya kulirusha. Lilipokazwa, kama lilivyokazwa mara ile ya kwanza, parachichi liliruka kama mpira.

"Mbona hukumwambia habari ya kulegeza?"

"Hakuuliza," Ida alisema, na akaenda kumwelekeza dereva wa lori la Ludewa mahali pa kushushia.